Bloki za Udongo za Kuoteshea Miche: Kinachozishika na Kinachozibomoa

Katika vitongoji vya Nakuru na Kisumu, na katika mashamba madogo ya Vihiga na Kakamega ambako boma zima huweza kutoshea ndani ya nusu ekari, miche ya mboga huoteshwa kwa njia tatu zilizozoeleka. Wengine husia mbegu kwenye kitalu cha ardhini kisha wakang'oa miche ikiwa na mizizi mitupu, wengine hutumia vifuko vyeusi vya plastiki, na wengine hutumia trei zenye vishimo. Iko njia ya nne, ambayo haihitaji chombo chochote cha kuushika udongo. Mchanganyiko uliolowa hushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma, ukafyatuliwa ukiwa bloki ndogo yenye tundu juu, na mbegu ikawekwa humo. Bloki yenyewe ndiyo chungu, ndiyo chakula, na siku ya kupandikiza ndiyo inayoingia shimoni pamoja na mche.

Maelezo mengi kuhusu njia hii huanza na kifaa: kinauzwa wapi, kina ukubwa gani, kinashikwaje. Kifaa ndicho sehemu rahisi, na fundi yeyote wa jua kali anaweza kukitengeneza. Ugumu uko katika mchanganyiko na maji, na hapo ndipo mkulima wa Lanet, Nakuru, na mkulima wa Ahero, Kisumu, wanapopaswa kuachana njia, kwa kuwa udongo unaomfaa mmoja utamharibia mwenzake.

Aliyekulia Busia au Kakamega ameona matofali yakifyatuliwa na kuanikwa, na akisikia habari za bloki ya kuoteshea miche hudhani ni tofali dogo: tafuta mfinyanzi unaonata, ushindilie, uache ushikane. Dhana hiyo huharibu kazi kabla haijaanza. Tofali hushikwa na mfinyanzi, na kadiri linavyokauka ndivyo linavyozidi kuwa gumu, jambo ambalo mjenzi hulitaka. Bloki ya mche haitakiwi kukauka hata siku moja wala kuwa ngumu, kwa sababu mzizi mchanga wa nyanya unapaswa kupenya ndani yake na kukuta hewa humo. Mfinyanzi mwingi huziba vinafasi vya hewa, na mbegu huoza kabla ya kuchipua.

Kinachoishika bloki hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Siku ya kwanza inashikwa na maji: mchanganyiko uliolowa ipasavyo ukigandamizwa, utando mwembamba wa maji uliopo kati ya chembe huzivuta pamoja. Katika wiki mbili zinazofuata, bloki inapomwagiliwa na kukauka kidogo mara kwa mara, inashikwa na nyuzi, yaani mabaki marefu ya mimea yaliyofumana ndani yake. Kuanzia wiki ya tatu hivi, kutegemea mmea, inashikwa na mizizi ya mche wenyewe. Mtu akilielewa hilo anaweza kusoma kasoro bila kuambiwa na mtu. Bloki inayobomoka mara tu inapofyatuliwa ilikosa maji au haikushindiliwa vya kutosha. Inayomomonyoka pembeni katika wiki ya pili ilikosa nyuzi. Inayovunjika mkononi siku ya kupandikiza, wakati ilikuwa nzima siku zote, imeinuliwa mapema kabla mizizi haijafika kando.

Wazo hili si jipya duniani. Wakulima wa Xochimilco nchini Meksiko, wanaolima kwenye visiwa vya matope vilivyojengwa ziwani tangu enzi za Waazteki, hutandaza tope la ziwa, wakalikata vipande vya mraba likiwa bado laini, na kusia mbegu katika kila kipande. Nchini Uholanzi miche ya saladi hukuzwa kwa wingi katika bloki zinazofyatuliwa kwa mashine. Huko Marekani, mkulima Eliot Coleman wa jimbo la Maine alizieneza kwa wakulima wadogo kuanzia miaka ya 1980, na vipimo vyake vya mchanganyiko vimenakiliwa na wengi mno. Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vimejengwa juu ya piti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasi vya nchi za baridi yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka. Piti ina nyuzi, hunyonya maji mengi na ina uchachu mkali, yaani asidi nyingi, ndiyo maana vipimo hivyo huongeza chokaa. Sisi hatuna sababu ya kuiagiza kutoka ng'ambo. Inatupasa kutafuta kitu kingine chenye nyuzi, na kitu hicho kikibadilika, vipimo vingine vyote hubadilika pamoja nacho.

Kitu kilicho karibu zaidi ni kokopiti, yaani vumbi na nyuzi za makumbi ya nazi, ambayo hutoka Pwani na huuzwa katika maduka ya pembejeo ikiwa imekandamizwa kama tofali kavu. Tofali la kilo 5 likiloweshwa hufura na kutoa lita 60 au zaidi. Uchachu wake ni wa wastani, kwa hiyo haihitaji chokaa kama piti. Ina kasoro moja inayosahaulika sana, nayo ni chumvi. Makumbi mengi hulowekwa katika maji ya chumvichumvi kabla ya kuchambuliwa, na nazi yenyewe hustawi karibu na bahari. Kokopiti isiyosafishwa vizuri huunguza ncha za majani ya miche michanga. Iloweshe kwa maji ya mvua, ikamue, umwage maji yale ya hudhurungi, kisha urudie mara mbili au tatu.

Asiyetaka kununua kokopiti ana mabaki mengine ya mimea karibu naye, lakini hakuna hata moja linalotumika likiwa bichi. Ukanda wa miwa wa Muhoroni, Chemelil na Nzoia una makapi ya miwa. Elburgon na Molo, kwenye viwanda vya mbao, kuna vumbi la mbao. Mabaki haya yana kaboni nyingi mno ikilinganishwa na nitrojeni. Vijidudu vinavyoyaozesha huitafuta nitrojeni popote ilipo, navyo huipata kabla ya mche, kwa hiyo mche huwa wa manjano ukiwa na majani mawili tu, na mwenye nao hudhani ni ugonjwa. Yaozeshwe kwanza pamoja na samadi kwa miezi kadhaa, yakipinduliwa na kunyunyiziwa maji, mpaka yawe meusi na yasiweze kutambulika tena asili yake. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo hutoa mboji nzuri yenye nyuzi, ila lina tabia ya kufyonza metali nzito kutoka majini. Mimi nisingelivuna karibu na mitaro ya mji kwa ajili ya mboga za kula.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, ambao katika bloki nzuri ni sehemu ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa wastani, anza na sehemu tatu za kokopiti au mboji yenye nyuzi, sehemu mbili za mboji iliyoiva na kuchekechwa, sehemu moja ya mchanga au kitu cha kupitisha hewa, na sehemu moja tu ya udongo wa shamba. Udongo huo mmoja kati ya saba huongeza uzito, hushika virutubisho visisombwe na maji, na kusaidia chembe kushikana. Lakini ni udongo gani?

Nakuru imekaa kwenye miteremko ya Menengai, na sehemu kubwa ya udongo wake imetokana na majivu na mawe mepesi ya volkano. Ni udongo laini unaopitisha maji upesi, nao haunati. Ukiutumia peke yake bloki itaporomoka kabla hujaiweka kwenye trei. Huko Bahati, Lanet au Njoro inafaa kuongeza kiasi kidogo cha udongo mwekundu unaonata, robo ya sehemu ikitosha, na kuipunguza ile sehemu ya mchanga. Kwa upande mwingine, changarawe ile nyepesi ya volkano, ambayo wengi huitupa wanapochekecha, ni hazina. Ina vitundu vinavyohifadhi maji na hewa kwa pamoja, na ikichekechwa ibaki punje zisizozidi milimita 4 hufanya kazi ambayo wenzetu wa nchi nyingine huifanya kwa madini ya kununua.

Tambarare za Kano, kuanzia Ahero hadi karibu na mji wa Kisumu, zina udongo mweusi wa pamba. Madini ya mfinyanzi wake hufura yakinywa maji na hujikunyata yakikauka, ndiyo maana shamba la Kano wakati wa kiangazi huwa na nyufa zinazoweza kumeza mkono. Nguvu ile ile inayopasua shamba huipasua bloki ndogo kwa saa chache za jua, na ufa ukipita katikati hukata mizizi. Ushauri wangu kwa mkulima wa huko ni kuuacha kabisa udongo huo katika bloki, hata kama ndio uliojaa uani kwake, na badala yake kuongeza mboji au kuomba debe moja la udongo mwekundu kutoka upande wa Maseno au vilima vya Nandi. Bahati nzuri Kano ina mpunga: maganda yake yakichomwa kwa moto hafifu mpaka yawe makaa meusi, bila kufikia majivu meupe, huchukua nafasi ya mchanga vizuri sana, kwa kuwa ni mepesi na hayanyang'anyi nitrojeni.

Vihiga na Kakamega zina udongo mwekundu uliochakaa kwa mvua ya miaka mingi. Ni mchachu na hauna fosforasi ya kutosha, lakini mfinyanzi wake ni wa aina isiyofura, kwa hiyo unakaa vizuri ndani ya bloki. Sehemu moja ya udongo huo inatosha, na uchachu wake hautaleta shida iwapo mboji ni nzuri. Wengi hupenda kuongeza jivu la jikoni ili kuuondoa uchachu huo. Jivu lina chumvi nyingi na hubadilisha hali ya udongo kwa haraka, na katika bloki yenye ujazo wa kikombe kidogo cha chai halina mahali pa kutawanyika. Kijiko kimoja kwa debe zima hakitadhuru, bali konzi mbili tatu zitaua miche.

Mboji iliyoiva ndiyo mlo wa mche, na hapa haraka haifai. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku hutoa amonia inayounguza mizizi. Kipimo rahisi ni kulowesha mboji kidogo, kuifungia ndani ya chupa kwa siku tatu, kisha kuifungua na kuinusa. Ikinuka mkojo au kitu kilichooza, haijaiva. Ikinukia udongo wa msituni, itumie. Anayetaka uhakika zaidi asie mbegu kumi za sukuma wiki ndani yake na kuangalia ngapi zitaota. Mbolea ya dukani, hasa DAP na yurea, isiingie kabisa kwenye bloki, kwa sababu punje moja inayoyeyuka kando ya mbegu inatosha kuiua.

Kuna jambo la magonjwa pia. Miche mingi inayoanguka ghafla ikiwa imenyongeka shinani, ugonjwa unaoitwa kinyausi, huangushwa na vimelea vya jamii ya ukungu vilivyo kwenye udongo na vinavyopenda unyevu uliotuama. Kali zaidi ni mnyauko wa bakteria, unaosumbua sana viazi na nyanya katika nyanda kama Molo na Mau Narok. Bakteria wake huishi udongoni kwa miaka, na bloki iliyotengenezwa kwa udongo wa shamba lililougua itaupeleka ugonjwa huo katika shamba safi, ukiwa umeshikana na mizizi. Usichote udongo mahali palipolimwa nyanya, viazi, biringanya au pilipili. Ukitaka kuusafisha udongo, upike kwa mvuke ukiwa na unyevu, mpaka joto lifike takriban nyuzi 70 za Selsiasi, na likae hivyo kwa nusu saa. Asiye na kipimajoto afukie kiazi kimoja cha wastani katikati ya sufuria: kikiiva, udongo nao umeiva. Usizidishe, kwa kuwa joto kali mno huachilia madini yenye sumu kwa miche. Mboji iliyopata moto wake yenyewe wakati wa kuoza haihitaji kupikwa, na kuipika ni kuviua vijidudu vinavyosaidia mimea.

Mchanganyiko ukiwa tayari, lowesha polepole na uuache ulale usiku mmoja ili maji yaenee. Asubuhi chota kiasi cha kujaza kiganja, ukamue kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone machache kati ya vidole, na ukifungua mkono donge likabaki zima likiwa na alama za vidole, umefika. Yasipotoka maji kabisa, huo ni unyevu wa kujazia trei na hautoshi kwa bloki, ingawa wengi huridhika nao. Yakimiminika, ongeza mchanganyiko mkavu.

Kalibu ya kawaida ni kipande cha bomba la chuma la mraba lenye upana wa sentimita 5 kwa ndani na urefu wa sentimita 12 hivi. Ndani yake hupita kibamba kilichochomelewa kwenye fito, na katikati ya kibamba hicho, upande wa chini, fundi huchomelea kichwa cha msumari mnene ili kiache tundu la mbegu. Mchanganyiko hutandazwa ukiwa mnene kuliko kina cha kalibu. Kalibu hudidimizwa ndani yake mara mbili au tatu ikizungushwa kidogo, hugandamizwa juu ya ubao mgumu mpaka maji yachungulie kingoni, hukwanguliwa chini kwa kisu, kisha hupelekwa kwenye trei. Hapo fito husukumwa na kalibu huinuliwa kwa mwendo mmoja usiotikisika. Baada ya kila bloki mbili tatu, kalibu ichovywe kwenye ndoo ya maji, la sivyo itaanza kung'ang'ania udongo na kung'oa pembe. Debe moja la lita 20, kwa kuwa mchanganyiko hupungua nusu au zaidi ukishindiliwa, litakupa bloki kati ya 50 na 80 za ukubwa huo.

Ukubwa si jambo la kupendeza macho. Bloki ya sentimita 5 kila upande ina ujazo wa mililita 125, na nyuso zake tano zinazoguswa na hewa zina jumla ya sentimita za mraba 125: sentimita moja ya mraba ya uso kwa kila mililita. Bloki ndogo ya sentimita 2 ina mililita 8 tu na sentimita za mraba 20 za uso, yaani mbili na nusu kwa kila mililita. Kwa hiyo katika jua lile lile na upepo ule ule, bloki ndogo hupoteza maji yake mara mbili na nusu kwa kasi zaidi. Wanaozisifu bloki ndogo huandika wakiwa katika nchi ambako mbegu huoteshwa ndani ya nyumba wakati wa baridi. Zina faida, kwa sababu zinapunguza nafasi wakati wa kuotesha mbegu ghali kama za hoho, na mche mchanga unaweza kuchomekwa baadaye, ukiwa na kibloki chake, ndani ya bloki kubwa iliyoachiwa tundu la mraba. Lakini Kisumu mwezi wa Februari, joto la mchana likikaribia au kupita nyuzi 30, kibloki hicho kinaweza kukauka kati ya asubuhi na saa nane mchana. Mtu anayeshinda kazini aanze na sentimita 5.

Na Februari haiepukiki. Mvua za masika huanza kati ya Machi na Aprili, miche ya nyanya na kabichi huhitaji wiki nne hadi sita, na hivyo siku ambazo bloki zinahitaji unyevu usiokatika huangukia katika majira makavu kuliko yote. Kivuli cha nusu ni lazima, iwe ni wavu wa kivuli au makuti na fito zilizotandazwa kwa nafasi. Mvua nayo ikianza kunyesha, zile za alasiri za Kakamega na Kisumu zinaweza kuzisambaratisha bloki changa kwa dakika kumi, kwa hiyo kivuli hicho kinahitaji pia paa la plastiki angavu au la mabati yaliyoinuliwa.

Kumwagilia kwenyewe kuwe kwa upole. Chupa iliyotobolewa kifuniko kwa sindano inatosha kwa wiki ya kwanza, na baada ya hapo ni bora kumimina maji kwenye trei, bloki zikanywa kutoka chini kwa muda wa robo saa, kisha yaliyobaki yakamwagwa. Rangi ndiyo ishara: bloki iliyoshiba ni nyeusi, na ikianza kupauka kwenye pembe za juu inaomba maji. Usingoje ipauke yote, kwa kuwa bloki iliyokauka kabisa ni vigumu kuilowesha tena.

Faida kuu ya bloki, ile inayofanya taabu hii yote iwe na maana, iko kwenye mizizi. Ndani ya kifuko cha plastiki, mzizi ukifika ukutani hugeuka na kuzunguka, na ukikaa muda mrefu huwa kamba iliyojiviringa ambayo inaweza kuendelea kujiviringa hata baada ya mche kupandwa. Ndani ya bloki hakuna ukuta. Ncha ya mzizi ikitokeza kwenye hewa hunyauka na kusimama, na nyuma yake huchipuka matawi mapya ndani ya bloki. Baada ya wiki nne, ukiinua bloki ya nyanya na kuitazama kwa karibu utaona pande zake zimejaa vidoto vyeupe, kila kidoto kikiwa ni mzizi uliosimama ukingojea udongo. Zikifukiwa, ncha hizo huanza safari mara moja, na mche hausinyai siku kadhaa kama ule uliong'olewa kitaluni.

Jambo hilo hutokea tu kama hewa inafika. Bloki ziachane kwa nusu sentimita, vinginevyo mizizi huvuka kutoka moja hadi nyingine na utalazimika kuikata. Zikiwekwa juu ya wavu wa chuma uliolazwa kwenye fito, hewa hupita hata chini, lakini hukauka upesi na haziwezi kunyweshwa kwa chini. Kwa Nakuru, ambako mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi na usiku ni baridi, ningechagua wavu. Kwa Kisumu ningechagua sinia au trei yenye sakafu, nikakubali mizizi kidogo itambae chini yake. Popote pale, trei ziinuliwe juu ya meza au magogo, maana kuku mmoja akiingia humo hamalizi dakika tano kabla ya kupekua kazi ya mwezi mzima.

Si kila mmea unaostahili bloki. Matikiti maji, matango, maboga na mipapai huchukia kuguswa mizizi, na hapa bloki inashinda njia nyingine zote, bora miche ya jamii ya maboga ipandikizwe mapema ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli. Nyanya, hoho, kabichi na managu hunufaika waziwazi. Vitunguu vinaweza kusiwa mbegu nne katika bloki moja na kupandwa vikiwa kishada, navyo husukumana vyenyewe vinapokua. Saladi hufaa pia, ila mbegu zake nyingi hukataa kuota joto likizidi nyuzi 27 hivi, kwa hiyo Kisumu zikae mahali pa baridi mpaka zichipue, na zisifunikwe kwa udongo kwa kuwa zinapenda mwanga. Sukuma wiki huvumilia kung'olewa na hata hupandwa kwa machipukizi ya ubavuni, kwa hiyo bloki kwake ni anasa isipokuwa kama mbegu ni chache. Mbegu za karoti, kunde, mrenda na saga zipandwe moja kwa moja shambani. Na mwenye kuhitaji miche elfu kadhaa kwa ajili ya biashara, trei za vishimo zitamrudishia muda wake kuliko kalibu ya mkono.

Mche ukikaa kwenye bloki kupita wiki ya tano, chakula humalizika na majani ya chini huanza kuwa ya manjano. Kama mvua imechelewa, unyweshe maji yaliyolowekwa majani ya tithonia, yale maua ya njano yaliyojaa kwenye ua na kando ya barabara kote magharibi, ambayo majani yake makavu yana nitrojeni ya takriban asilimia 3.5 na potasiamu nyingi zaidi ya hiyo. Yachujwe na kuzimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai hafifu.

Siku saba kabla ya kupandikiza, punguza maji kidogo na uzisogeze trei juani hatua kwa hatua. Panda jioni, bloki zikiwa zimeshiba maji, katika shimo lililonyweshwa pia. Hatua ya mwisho ni ndogo na hupuuzwa mno: uso wa juu wa bloki ufunikwe kabisa kwa udongo wa shamba, angalau kwa unene wa sentimita moja. Pembe moja ikibaki wazi, kokopiti itavuta maji kutoka ndani na kuyapeleka hewani mchana kutwa, na mche utanyauka huku udongo unaouzunguka ukiwa na unyevu. Gandamiza pande kwa vidole ili kusiwe na pengo kati ya bloki na ardhi, hasa kwenye udongo mweusi wa Kano unaojitenga ukikauka, na mwagilia pale pale shinani kila jioni kwa siku nne au tano za mwanzo, hata kama wingu limetanda.